Mentalist: Jane anaweza kumpenda Lisbon kabla ya kumpata John le Rouge?

Mama Shono (Katuba, Lubumbashi)

Habari zenu wote. Jana usiku nimemaliza msimu wa 5 wa Mentalist na tangu saa ile sijatulia. Kwa asiyeijua: ni seri ya Patrick Jane, anayesaidia kundi la Lisbon katika CBI, polisi ya upelelezi ya California, huku akimtafuta John le Rouge, muuaji wa mkewe na mtoto wake. Najua seri yenyewe ni ya zamani, Marekani waliimaliza tangu 2015, na wengi wenu mliitazama TF1 kwa Kifaransa miaka ile. Mimi wakati ule sikuwa na televisheni. Sasa ninayo, na kijana mmoja wa sokoni ananijazia kle (USB), msimu mmoja mmoja, maana yote 7 haiingii. Kwa hiyo nawaomba kwa heshima: msinipe mwisho. Tubishane kwa yale niliyokwisha kuyaona.

Nimesimama hapa: Lorelei, yule mwanamke wa John le Rouge, amekufa, na kwenye ile video aliyoachiwa Jane, yeye Lorelei anasoma majina 7 yaliyoandikwa na John le Rouge. Ni majina yaleyale 7 ambayo Jane alikuwa ameyachuja mwenyewe kwa miezi, bila kumwonyesha mtu. Niliposikia, nilizima televisheni, nikawasha taa zote za nyumba.

Lakini swali langu si majina. Swali langu ni Jane na Lisbon. Binti yangu (ana miaka 19) anasema wanapendana tayari, watashikana msimu wa 6, atake asitake John le Rouge. Mimi nasema haiwezekani, na nitawaeleza kwa nini.

Kazi yangu ni kushona. Nimeshona nguo za harusi, na nyingi zaidi nimeshona za kumaliza kilio. Familia ikija na kitambaa cha mjane cha kubadilisha ile nguo nyeusi, ujue wamekaa chini, wamesema yote, madeni ya marehemu yamelipwa, kila upande umetuma mtu wake. Hapo ndipo natoa kipimo. Mwaka juzi mama mmoja alikuja peke yake, jioni, hakuna hata mtu mmoja wa upande wa mume, akaniomba nimpime kimya kimya. Nikaanza na mabega. Mkono wake ukawa unatetemeka mpaka kipimo kinanitoka. Akaniambia, "Acha mama, nitarudi." Hajarudi mpaka leo.

Jane namwona hivyohivyo. Angalieni mavazi yake: kila siku suti na kizibao, na pete ya ndoa haitoki kidoleni. Kule Malibu, nyumba aliyouawa mkewe Angela na mtoto Charlotte, hakuna kiti, hakuna meza. Kuna godoro sakafuni, na ukutani, juu ya kichwa chake, ule uso unaocheka uliochorwa kwa damu. Hakuufuta. Mtu anayelala chini ya alama ile, utampimia nguo gani?

Na kuna jambo lingine linaloniogopesha. Katika seri hii, John le Rouge anapitia mlango wa mapenzi. Van Pelt, askari wa kundi la Lisbon, alichumbiwa na O'Laughlin wa FBI, kumbe mchumba ni mtu wa John le Rouge. Jane alitoka na Kristina Frye jioni moja tu, Kristina akachukuliwa, akapatikana akili imeondoka, anaamini amekwisha kufa. Lorelei alitumwa kitandani kwa Jane kama barua. Sasa kwenye yale majina 7 yumo Haffner, ambaye amekuwa akimzunguka Lisbon, anamtaka aache polisi wakafanye kazi pamoja. Je, kama ni yeye? Ndiyo maana nasema Jane akimpenda Lisbon leo, atakuwa amemwonyesha adui mahali pa kukata.

Niambieni nyinyi mnaonaje. Binti yangu anasubiri majibu kuliko mimi.

Fifi wa Ibanda (Bukavu)

Mama Shono, nimesoma mara mbili, na hayo ya yule mama wa jioni yamenigusa. Ila mimi niko upande wa binti yako.

Rudi mwisho wa msimu wa 1. Yule askari Hardy, mtu wa John le Rouge, amemwelekezea Lisbon silaha. Hardy ndiye uzi pekee Jane aliokuwa nao. Akiishi, atasema jina. Jane anachukua bunduki na kumpiga Hardy, anakufa, uzi unakatika. Hakufikiri, hakupima. Alikuwa ametafuta uzi ule miaka mingi, akautupa kwa sababu ya Lisbon. Na hapo ni msimu wa 1, mama, wakati sisi wote tulidhani wao ni wafanyakazi wenza tu!

Kisha mwisho wa msimu wa 4. Jane anajifanya amekubali kumuua Lisbon ili John le Rouge amwamini. Kabla ya kufyatua zile risasi za uongo, anamwambia anampenda. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Hapakuwa na mtu mwingine wa kudanganya pale. Baadaye Lisbon anamuuliza alimaanisha nini, yeye anadai hakumbuki aliyosema. Mtu anayekumbuka karata 52 kwa mpangilio asikumbuke neno moja? Anakumbuka sana. Anaogopa.

Kwa hiyo mimi sisemi wataanza. Nasema walianza zamani, kilichobaki ni kukiri.

Mukarani wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, nakusalimu, na binti Fifi pia. Mimi nilikuwa mukarani wa tribinali miaka 27, sasa ninapumzika. Mwisho wa seri naujua, sitautaja. Nitasema kwa yale ambayo mama ameona.

Nyote wawili mnatazama moyo wa Jane. Mtazameni Lisbon. Ana beji. Ana pingu. Jane hakumficha hata siku moja kwamba akimkuta John le Rouge hatamkamata, atamuua kwa mkono wake, na Lisbon alimjibu kwamba atamzuia. Basi huyu mwanamke, siku ile ikifika, ana njia mbili: amfunge mtu anayempenda, au aache mtu auawe mbele yake huku yeye ni mkubwa wa polisi. Hilo ndilo lililowakalia katikati.

Mnakumbuka mwisho wa msimu wa 3, Jane anampiga risasi mtu katikati ya jengo la maduka, akiamini ndiye. Akashtakiwa. Akajitetea mwenyewe mbele ya raia wanaoamua kesi, wakamwachia. Kwetu hatuna raia wa namna hiyo mahakamani, jaji ndiye anaandika, nami ndiye nilikuwa napiga mashine. Nilipoona hukumu ile sikufurahi. Yule mtu, Timothy Carter, alikuwa mwovu kweli, lakini hakuwa John le Rouge. Jane aliua mtu asiye mwenyewe, akarudi ofisini, akalala kwenye kochi lake la ngozi. Lisbon akampokea. Nimeandika majina ya wake wengi waliopokea waume namna hiyo, ndugu wakisimama nyuma wanalia.

Lisbon alifiwa na mama yake akiwa na miaka 12, baba akazama kwenye pombe, yeye ndiye aliyewalea kaka zake watatu kule Chicago. Mtoto aliyekua hivyo anajifunza kubeba watu wasiobebeka. Mimi nina hofu kwamba anachokiita Fifi upendo, kwa upande wa Lisbon, ni mazoea ya kubeba. Ningetaka kwanza nione Jane akimbebea yeye kitu.

Dedi Moto (komini ya Kenya, Lubumbashi)

Jambo mama Shono. Miye niko palepale penye umefika, msimu wa 6 sijaona hata kidogo, basi tuko sawa.

Mapenzi naachia benye kujua. Miye nataka majina. Batu wengi bananiambia ni Bret Stiles juu ya ile dini yake ya Visualize. Nakatala. Stiles anajua mambo mingi na anaonyesha kama anajua. Mwenye kujificha haonyeshi. Kirkland naye, tulimuona anaua Lennon ku hospitali, banatutupia usoni sana, basi si yeye. Haffner, mama, usiogope, ule anapenda Lisbon kama mutu tu.

Waza ile neno ilimutoka Lorelei: anashangaa namna gani Jane na John le Rouge habakukuwa barafiki siku bale bapeana mukono. Njo maana Jane alianza kuhesabu batu bote alishapeana nabo mukono. Sasa angalia: kati ya bale 7, kuko babili tulibaona mwanzo kabisa. Partridge, ule wa kupima alama penye mutu anauawa, yuko mu epizodi ya kwanza. Na sherifu McAllister wa Napa, yuko mu epizodi ya 2, anacheza na Jane ule mchezo wa jiwe, karatasi na makasi mu restora. Kisha akapotea. Miaka mingi hatumuoni! Bale benye kuandika bamemurudisha sababu gani?

Kazi yangu ni kutengeneza moto (pikipiki). Nikifungua moteri, buloni (bolti) ya kwanza kutoka njo ya mwisho kurudi. Bale benye kuandika hii seri banajua kazi. Miye nasema ni mumoja wa bale babili.

Mama Shono (Katuba)

Dedi, umenitia baridi. Nilikuwa nimemsahau kabisa sherifu! Binti yangu alikuwa na ule msimu wa 1 kwenye simu, tumerudia epizodi ya 2 usiku huohuo. Ni kweli wanacheza, na Jane anamshinda, na yule mzee anatabasamu vizuri sana. Sasa kila nikiliona lile tabasamu natafuta kitu nyuma yake. Lakini Bertram, mkubwa wa CBI mwenyewe, simwachi. Ana mamlaka ya kufuta nyayo za mtu yeyote.

Baba Mukarani, shikamoo. Neno lako la kubeba limenikalia tangu asubuhi. Nilikuwa nashona pindo, nikashona upande wa nje. Ila nikujibu hivi: Hardy. Siku ile Jane alimbebea Lisbon kitu, kama alivyosema Fifi. Alitoa alichokuwa nacho chote.

Fifi, kuhusu lile neno la msimu wa 4: mimi pia naamini anakumbuka. Lakini kwetu mtu akisema neno la posa usiku, asubuhi akalikana, neno lile halihesabiki. Lisbon hawezi kwenda kwa kaka zake na neno lililokanwa.

Yaya Regine (Bel-Air, Lubumbashi)

Nimechelewa. Mimi niliifuata TF1 tangu ilipoanza pale Januari 2010, kwa dada yangu mkubwa, tukiwa watu 11 kwenye chumba kimoja. Nawaombeni msimfungulie mama mwisho, tafadhali. Sisi tulisubiri miaka, tulipata raha ya kusubiri, na yeye aipate.

Mnamzungumza Jane na Lisbon tu, na kuna ndoa nyingine inayopikwa mbele ya macho yenu. Rigsby na Van Pelt. Hawa walipendana msimu wa 2, sheria ya CBI ikakataa wafanyakazi wa kundi moja kupendana, Van Pelt akakata mwenyewe ili kila mmoja abaki na kazi yake. Rigsby akazaa na mwanamke mwingine. Van Pelt akachumbiwa na yule nyoka O'Laughlin, na ikabidi ampige risasi mwenyewe. Watu wawili waliumizwa hivyo! Halafu msimu wa 5, epizodi ya 20, wanatumwa wajifanye mke na mume wanaogombana ili kumnasa mtu, na katika kule kujifanya maneno ya kweli yakaanza kutoka. Rigsby akasema yale aliyoyameza miaka mitatu. Usiku ule wakarudiana.

Nilipoiona mara ya kwanza nililia, nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili na baba yake alikuwa mbali migodini. Nikasema: waandishi hawa hawana haraka. Wanaweza kukuweka misimu mitatu mlangoni, lakini mlango hawausahau. Mama Shono, walivyowafungulia hawa wadogo, watazame na wale wakubwa kwa jicho hilo. Zaidi ya hapo mdomo wangu nimeufunga.

Fifi wa Ibanda (Bukavu)

Yaya Regine, hiyo epizodi ya 20 nimeirudia mara nne. Mwenzao wa kundi, Cho, naye nadhani alijua yote. Cho hahitaji maneno.

Mama Shono (Katuba)

Nimerudi. Wiki tatu zimepita. Nilikuwa na nguo 14 za kwaya za kumaliza, kisha umeme ukawa unakuja saa 7 usiku na kuondoka saa 10, na mimi nikawa naamka saa 7 kama mlinzi. Nimefika mwisho wa epizodi ya 21 ya msimu wa 6. Wale wasioona wasisome zaidi. Dedi, kama bado, acha hapa.

Ni McAllister. Buloni ya kwanza, Dedi! Epizodi ya 8, kwenye kanisa dogo la makaburini, alikozikwa mke na mtoto wa Jane. Bertram niliyemng'ang'ania alikuwa mtu wake tu. Nilidhani nitafurahi. Jane alimtolea njiwa kutoka ndani ya koti, yule mzee akashtuka kama mtoto, kumbe muuaji wa watu wote wale anaogopa ndege. Kisha Jane akamkimbiza mpaka kwenye bustani, akamkaba kwa mkono wake mpaka pumzi ikaisha. Binti yangu alifunika uso. Mimi niliangalia mpaka mwisho, kwa sababu ya Charlotte.

Halafu Jane akachukua simu. Akampigia nani? Lisbon. Hakumpata, akaacha sauti: imekwisha, niko salama, nitakukosa. Kisha akakimbia. Baba Mukarani, ulikuwa na haki kuhusu ile beji. Hakumwita aje, alimuaga. Alijua akimngoja itabidi amfunge.

Miaka miwili kisiwani, hana kazi, hana rafiki, na anamwandikia Lisbon barua. Abbott wa FBI alipomwita arudi Texas, Jane alitoa masharti yake, na mojawapo ni Lisbon aajiriwe pamoja naye. Nikasema basi, sasa deni limelipwa, kitambaa kinakuja. Nilikuwa tayari na kipimo mkononi, ndugu zangu.

Lakini pete bado iko kidoleni. Miezi inapita pale Austin, anamletea kahawa, wanacheka, na hasemi. Mimi niliamini kwamba kinachomzuia ni John le Rouge. John le Rouge amekufa, na bado amezuiwa. Nimekaa na jambo hili siku nne. Nilipokuwa nawaza nikamkumbuka tena yule mama wa jioni, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli alikuwa akiogopa upande wa mume. Labda nilijaza mwenyewe. Hakuniambia sababu.

Na sasa amekuja Pike wa FBI, anayemtaka Lisbon. Sitaki kumchukia, hana kosa lolote. Ni mwanamume anayesema analotaka mchana, mbele ya watu. Amepata kazi Washington, anataka Lisbon aende naye. Lisbon anamtazama Jane amwambie neno moja tu, na Jane anamwambia afanye litakalomfurahisha. Nilipiga meza mpaka sindano zikamwagika!

Binti yangu, aliyekuwa upande wa Jane tangu mwanzo, sasa anasema Lisbon aende na Pike. Na mimi niliyesema haiwezekani, mimi ndiye nataka Jane asimame. Tumebadilishana viti. Utabiri wangu: Lisbon atapanda ndege. Amechoka kungoja, na mtu aliyelea kaka watatu akiamua kuondoka hageuki. Jane itabidi aende yeye, tena akaseme mahali ambapo hawezi kukana asubuhi.

Mukarani wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, sisemi kitu. Ila lile neno lako la "hawezi kukana asubuhi", liandike mahali.

Yaya Regine (Bel-Air)

Epizodi ya 22 iko kwenye kle yako? Ndiyo ya mwisho ya msimu huo. Usilale, mama. Itazame leo.

Mama Shono (Katuba)

Iko. Umeme hakuna, lakini simu ya binti ina asilimia 31 na ameipunguza mwanga. Tumefunga mlango wa karakana, tumekaa kwenye benchi la wateja. Nawaachieni hapa.